Chotara naye huugua: Mtunze mbwa wako mapema

JE, mpenzi msomaji, mbwa anayelinda lango lako ni wa aina gani? Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa na Kisumu jibu ni moja: chotara. Mamake alikuwa na damu kidogo ya Alsesheni, naye babake hajulikani alikotoka. Wenye mbwa wa namna hii hupenda kusema kwamba ni sugu, hahitaji daktari.

Imani hiyo ni kweli nusu tu. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa rekodi za mbwa zaidi ya 27,000. Walilinganisha magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yaliwaandama zaidi mbwa wa ukoo mmoja, lakini 13 hayakubagua, na mmoja, kukatika kwa kano ya goti, uliwapata zaidi chotara.

Hayo ni ya kurithi. Yale ya kuambukizwa hayamwulizi mbwa ukoo wake.

La kwanza la kuogopwa ni kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Watoto ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa hucheza na mbwa na huenda wasiseme wameumwa. Mchanje mbwa wako afikapo umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo iweke pamoja na stakabadhi zako muhimu.

Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usingoje kuona mbwa atafanya nini.

Adui wa pili ni parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaoweza kumaliza watoto wote wa mbwa kwa siku chache. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto wa mbwa afikishe wiki 16. Kabla ya hapo, usimwache azurure mtaani.

Minyoo nayo isisahauliwe. Mtoto wa mbwa hupewa dawa tangu wiki ya 2, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12. Mbwa mkubwa, kila miezi 3. Zoa mavi uani kila siku, maana mayai ya minyoo hiyo huweza kuingia tumboni mwa mtoto achezaye mchangani, na wakati mwingine minyoo ikafika machoni.

Kupe wachunguze masikioni na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa hujificha pia katika nyufa za kibanda, kwa hivyo kumwogesha mbwa dawa na kuliacha banda ni kutwanga maji kwenye kinu.

Na chakula je? Ugali mtupu hautoshi. Mwongezee omena, nyama au mayai yaliyochemshwa, na maji safi daima. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Dawa zako za maumivu usimpe kamwe.

Ukilalamika kwamba gharama ni kubwa, ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Baadhi ya kaunti huchanja mbwa bila malipo wakati wa kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni Jumapili, familia iko nyumbani. Itafuteni kadi ya mbwa wenu muone alichanjwa lini. Msipoiona, kesho mpelekeni kwa daktari wa mifugo.