Je, Wajua? Raketi Moja, Nyuzi za Aina Mbili

Mwaka 2012 wachezaji wa tenisi Roger Federer na Andy Murray walikutana mara mbili kwenye uwanja mkuu wa Wimbledon, London, ndani ya muda usiofika mwezi. Tarehe 8 Julai Federer alichukua taji la Wimbledon kwa seti tatu kwa moja. Tarehe 5 Agosti, kwenye fainali ya Olimpiki, Murray akalipiza kwa seti tatu bila jibu. Magazeti yalijaa habari za mapigo yao. Habari za nyuzi za raketi zao yaliwaachia mafundi, na huko ndiko kulikokuwa na kioja. Wote wawili walipenda kuwambiwa raketi kwa nyuzi za aina mbili, utumbo wa ng'ombe na poliesta. Federer aliweka utumbo wima na poliesta mlalo. Murray aligeuza: poliesta wima, utumbo mlalo.

Raketi iliyowambwa hivi huitwa haibridi. Ukiitazama kwa mbali huwezi kuitofautisha na nyingine. Ukipiga mpira nayo, mkono unajua. Na kinachoupa mkono taarifa hiyo si aina za nyuzi peke yake, bali ni ipi imekaa wima na ipi imekaa mlalo.

Ng'ombe na chupa ya soda

Uzi wa utumbo ndio mkongwe wa mchezo huu. Mwaka 1874 Meja Walter Wingfield wa Uingereza alisajili hataza ya tenisi ya nyasini. Mwaka uliofuata, mjini Lyon, Ufaransa, Pierre Babolat, aliyekuwa katika biashara ya nyuzi za utumbo kwa ajili ya ala za muziki, akaanza kutengeneza nyuzi za raketi. Zamani hizo utumbo ulikuwa wa kondoo. Siku hizi ni wa ng'ombe. Huoshwa, ukachanwa, ukatwaliwa utando mwembamba wa nje. Vipande vya utando huo husokotwa pamoja vikiwa bado vibichi, vikakaushwa vikiwa vimevutwa, kisha uzi ukasuguliwa hadi uwe na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kupakwa kinga dhidi ya maji. Raketi moja humaliza utumbo wa takriban ng'ombe watatu. Ndiyo maana bei yake inawashinda wengi.

Kinachouza uzi huo ni kolajeni, protini ileile inayoshikilia ngozi na mishipa mwilini. Uzi wa utumbo hunyumbuka sana mpira unapogonga, kisha hurudi kwa haraka na kuurudishia mpira karibu nguvu zote. Mshindo hauufikii mkono kwa ukali. Na uzi huo ukishavutwa kwa mkazo fulani, huushika mkazo huo kwa muda mrefu kuliko uzi mwingine wowote sokoni. Pete Sampras alishinda mataji yake yote 14 makubwa akiwa na raketi iliyowambwa utumbo mtupu.

Poliesta ni ndugu wa plastiki ya chupa za soda. Kampuni ya Luxilon ya Ubelgiji, iliyokuwa ikitengeneza nyuzi za plastiki za viwandani na hospitalini, ndiyo iliyoupa uzi huu jina katika tenisi. Mwaka 1997 kijana wa Kibrazili, Gustavo Kuerten, aliyekuwa wa 66 duniani, aliingia mashindano ya Roland Garros, Paris, akiwa na raketi yenye nyuzi za Luxilon, akatoka na kombe. Alirudi akalichukua tena mwaka 2000 na 2001. Kufikia hapo wachezaji wengi wa kulipwa walikuwa wameanza kuzitafuta nyuzi hizo.

Poliesta ni ngumu. Ikilinganishwa na utumbo, hunyumbuka nusu tu au chini ya hapo. Kwa hiyo hairudishi nguvu nyingi, na mchezaji anaweza kupiga kwa nguvu zake zote bila mpira kutoka nje ya mstari. Inadumu bila kukatika. Lakini mshindo wake unafika kwenye kiwiko, na mkazo wake unaporomoka upesi.

Kati ya hizo mbili ipo nailoni, laini kiasi na ya bei nafuu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye raketi nyingi za wachezaji wa kawaida. Na ipo kevla, ngumu kupita zote. Andre Agassi, kabla hajahamia poliesta mwaka 2002, alikuwa akiweka kevla wima na nailoni mlalo, kwa sababu alipiga mpira kwa nguvu mno kiasi cha kukata nyuzi za kawaida. Haibridi za mwanzo zilizoenea zilitokana na hitaji hilo: uzi mgumu pale panapokatika, na uzi laini kando yake ili mkono usiumie.

Wima ndizo zinazocheza

Raketi nyingi za leo zina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Za mlalo ni nyingi zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ndizo zenye kazi kubwa. Sivyo. Za wima ni ndefu, na uzi mrefu hunyumbuka zaidi kuliko mfupi wenye mkazo uleule. Zaidi ya hapo, mchezaji wa leo hapigi mpira kwa kuusukuma mbele tu. Huupiga raketi ikipanda kutoka chini kwenda juu, ili mpira uzunguke kuelekea mbele, udondoke ghafla ndani ya mstari, na ukigusa chini uruke juu ya bega la mpinzani. Wakati wa pigo hilo raketi huwa imelala ubavu, na nyuzi tunazoziita za wima hukingama na njia ya raketi inayopanda. Mpira unazisukuma kando.

Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano za elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo, nyuzi za wima huteleza juu ya zile za mlalo, zikafika kikomo, kisha zikachomoka kurudi mahali pake kabla mpira haujaondoka. Kule kurudi ndiko kunakouongezea mpira mzunguko. Rod Cross, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Sydney, na Crawford Lindsey wa Marekani ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili kwa vipimo. Hoja yao iliwashangaza wachezaji waliozoea kuamini kwamba poliesta huongeza mzunguko kwa kuukwaruza mpira. Kumbe inasaidia kwa kuteleza: poliesta kwa poliesta hazishikani.

Utumbo kwa utumbo hushikana. Tazama picha za mechi za miaka ya 1980 utaona mchezaji, kati ya pointi na pointi, ameinamisha kichwa akizinyoosha nyuzi kwa vidole. Zilikuwa zimesukumwa kando zikakwama huko. Mchezaji wa poliesta hana haja ya kufanya hivyo, nyuzi zake hurudi zenyewe.

Sasa fumbo la Federer linafumbuka. Utumbo ukiwa wima, nyuzi zinazofanya kazi kubwa ni zile laini zenye nguvu. Poliesta iliyolala chini yake inakuwa njia ya utelezi ya kupitia: utumbo unateleza juu yake na kurudi, jambo ambalo juu ya utumbo mwenzake usingeliweza. Mchezaji anapata nguvu, anapata ulaini, na anapata mzunguko. Novak Djokovic na Serena Williams nao walifuata mpangilio huo.

Murray alitaka kingine. Poliesta ikiwa wima, raketi inabaki na tabia ya poliesta: mpira hautoki nje ovyo, na nyuzi hudumu. Utumbo wa mlalo kazi yake ni kupunguza ukali, mshindo usifike wote mkononi. Mchezaji anayerudisha mipira mingi kutoka nyuma ya uwanja, akingoja mpinzani akosee, ana sababu ya kuupenda mpangilio huo.

Kwa hiyo haibridi si wastani wa nyuzi mbili. Uzi wa wima hutoa tabia ya raketi; wa mlalo huirekebisha.

Sheria inasemaje?

Mchezo wa kuteleza kwa nyuzi uliwahi kuzua balaa. Oktoba 1977, mjini Aix-en-Provence, Ufaransa, Ilie Năstase wa Romania alicheza na Guillermo Vilas wa Argentina, aliyekuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Năstase alikuwa na raketi iliyopewa jina la utani la tambi. Nyuzi zake za wima zilikuwa tabaka mbili, hazikufumwa na za mlalo, na zilivikwa vipande vya plastiki ili ziteleze mbali zaidi. Mpira ulizunguka kiasi kwamba haukutabirika. Baada ya kupoteza seti mbili, Vilas aligoma na kutoka uwanjani. Shirikisho la kimataifa la tenisi likaipiga marufuku raketi hiyo, na tangu hapo sheria inataka nyuzi ziwe tambarare, zifumane au zigandishwe zinapokutana, na mpangilio wake uwe wa namna moja uso mzima. Aina ya uzi haikutajwa kuwa lazima iwe moja. Haibridi ikapita kihalali.

Kwenye mashine ya fundi

Kuwamba haibridi ni kazi ya subira. Fundi huifunga fremu kwenye mashine, huanza na nyuzi za wima katikati, akaenda kulia na kushoto kwa zamu ili fremu isipinde upande mmoja. Mashine huvuta kila uzi kwa mkazo uliochaguliwa, tuseme kilo 24, na koleo hushika uzi usirudi. Raketi ya uzi mmoja mrefu inaweza kufungwa kwa mafundo mawili. Haibridi ni vipande viwili vya takriban mita sita kila kimoja, kwa hiyo mafundo ni manne.

Hatari iko kwenye za mlalo. Fundi hupitisha uzi wa poliesta juu na chini ya nyuzi za utumbo, moja baada ya nyingine. Akiuvuta kwa pupa mahali pamoja, msuguano unauunguza utumbo na kuacha kovu. Pale ndipo utakapokatikia. Fundi mzoefu huuvuta polepole, akiupandisha na kuushusha kama msumeno usiokata, ili joto lisitulie pamoja. Federer alikuwa na tahadhari zaidi: vipande vidogo vya ngozi kwenye koo la raketi, mahali uzi unapojikunja kwa ukali, na vijiplastiki vidogo katika makutano ya nyuzi ili zisikatane.

Mkazo nao una hesabu yake. Kwa kuwa poliesta ni ngumu, wengi huivuta kwa kilo moja hadi mbili pungufu ya utumbo au nailoni iliyo pamoja nayo. Utumbo wa wima ukivutwa kilo 25, poliesta ya mlalo itavutwa kilo 24 au 23. Umbo pia lina maana. Kuna poliesta ya mviringo na kuna ya pembe, tano, sita au nane. Yenye pembe ikiwekwa mlalo chini ya utumbo inakuwa kisu. Anayetaka utumbo udumu achague ya mviringo.

Uchague ipi?

Anza na mkono wako. Kama kiwiko au bega linauma, uzi wa wima uwe laini. Utumbo ukikushinda bei, chukua nailoni ya nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, na mlalo weka poliesta nyembamba ya mviringo. Kama mkono ni mzima, unakata nyuzi kila mara na unapiga mipira yenye mzunguko, weka poliesta wima na nailoni mlalo. Hiyo ndiyo haibridi ya watu wengi, kwa sababu ya gharama. Watoto na wanaoanza hawahitaji poliesta kabisa. Bado hawapigi kwa kasi ya kuinyumbua, na watakachopata ni maumivu tu.

Anayeutamani utumbo akumbuke kwamba pakiti moja ya takriban mita 12 ikikatwa katikati inatosha raketi mbili za haibridi. Akumbuke pia kwamba utumbo hauelewani na unyevu: huvimba na kuchanika nyuzinyuzi. Kwa mchezaji wa Mombasa, Tanga au Unguja, hasa wakati wa masika, raketi ikae ndani ya mfuko uliofungwa. Wala isiachwe ndani ya gari juani, maana joto hulegeza nyuzi zote, poliesta ikiwa ya kwanza.

Tena kuna kosa linalowakuta wengi: kungoja uzi wa wima ukatike. Poliesta huisha nguvu zamani kabla haijakatika. Nyuzi zake zikianza kukaa kando bila kurudi, au mpira ukianza kutoka nje kwa pigo lilelile la jana, kazi yake imekwisha hata kama raketi inaonekana nzima. Federer alibadilisha raketi kila mipira mipya ilipoletwa uwanjani, yaani baada ya gemu saba za mwanzo na kisha kila baada ya gemu tisa. Wewe huna haja ya kufika huko. Mwombe fundi abandike ndani ya koo la raketi karatasi yenye aina ya nyuzi, mkazo na tarehe. Safari ijayo badilisha kimoja tu kati ya hivyo, uzi wa wima, wa mlalo, au kilo moja ya mkazo. Ukibadilisha vyote kwa pamoja na raketi ikakupendeza, hutajua cha kushukuru.