Istilahi za Ufundi: Bomba la Kuingizia Hewa

Neno bomba limebeba maana nyingi: hupitisha maji, hujaza upepo, hata hutia dawa mwilini. Kwa hiyo mwenye gari wa Kayanga au Nkwenda aagizaye «bomba la hewa» aweza kuletewa pampu ya magurudumu.

Kitu chenyewe ni hiki. Baadhi ya watu huondoa kichujio cha hewa cha kiwandani, wakafunga kingine kilicho wazi chini ya boneti. Hapo injini huvuta hewa ya moto, nayo ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ikibadilishwa kwa ya nje yenye nyuzi 25, uzito wake katika ujazo ule ule huzidi kwa takriban asilimia 12. Faida hiyo yahitajiwa Karagwe na Kyerwa, ambako mwinuko wa nchi umekwisha kuipunguza hewa.

Twapendekeza bomba la kuingizia hewa, mkabala wa bomba la kutolea moshi. Kauli ya kutendea yaonyesha kazi ya kila moja. Kinywa chake kielekee nje, mbali na joto la rejeta, wala kisiwe chini mno: maji hayashindiliki, na injini iyavutayo huvunjika.