Gari la Umeme Kijijini: Wamama, Tupige Hesabu Kwanza

Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, wamama wa kikundi chetu waliniuliza: "Mama Mwalimu, na sisi tununue gari la umeme kama la kwenu?" Walikuwa na sababu. Sanduku limejaa kuliko mwaka jana, esanse imepanda bei tena, na kila siku ya soko motari wanakula faida ya maharagi yetu kabla hatujafika mjini. Sikuwajibu siku ile. Zile ni pesa za wajane na za wamama wenye watoto masomoni, na jibu la haraka lingeweza kuzipoteza zote. Ninajibu hapa, ili vikundi vingine navyo visome.

Mume wangu na mimi tulinunua gari letu miaka miwili iliyopita. Ni Nissan Leaf, gari la Japani lililoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010. Lilikuwa limetumika miaka mingi huko kabla ya kufika kwetu: usukani uko kuume, na maandishi ya kioo chake ni ya Kijapani mpaka leo. Watu walicheka. Lakini kijiji chetu kina umeme wa mtambo mdogo wa mto, kama vile vijiji kadhaa vya Rutshuru vilivyopata umeme wa maji tangu mtambo wa Matebe ufunguliwe mwaka 2015. Pale maji yanapozungusha mtambo usiku kucha, gari linaweza kula wakati watu wamelala.

Mema yake ni ya kweli. Halihitaji oili ya moteri, halina buji, halina bomba la moshi. Tukishuka mlima, linarudisha umeme kidogo kwenye batri, na breki hazichoki upesi. Kwa kilomita 100 linakula uniti kama 20 za umeme. Gari la esanse la ukubwa ule, kwa barabara zetu, linakula lita 8 au zaidi. Kila mama azidishe kwa bei ya kwao, ataona tofauti.

Kosa letu lilikuwa kwenye batri. Muuzaji alisema ni nzima, na sisi tuliangalia rangi, viti na mipira tu. Hatukujua kwamba kwenye kioo cha Leaf kuna safu mbili za vistari. Fikirini debe la maji. Safu ya kwanza inasema debe limejaa kiasi gani leo. Safu ya pili, ya vistari vidogo 12, inasema debe lenyewe limebaki na ukubwa gani. Kistari kidogo cha kwanza kinazimika batri inapopoteza kama 15 kwa mia ya nguvu yake. Kila kinachofuata ni kama 6 kwa mia. Letu lilifika na vistari 10. Leo lina 9, maana yake zaidi ya robo ya debe haipo tena. Na batri ya Leaf haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto linaizeesha upesi.

Likiwa jipya, gari lile lenye batri ya uniti 24 lilipimwa Marekani kuwa linakwenda kilomita 117. Letu, pamoja na mizigo, matope na milima, lilikuwa linafanya 70. Sasa linafika 60 kwa taabu. Kutoka kwetu mpaka mjini ni kilomita 31. Kwenda na kurudi ni 62. Mwaka wa kwanza tuliweza. Sasa lazima tuchaji mjini kabla ya kurudi. Gari linapungua, barabara haipungui.

Tulilielewa jambo hili usiku mmoja mwaka jana. Jirani yetu alishikwa na uchungu, na muuguzi wa kituo cha afya akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya mjini. Gari lilikuwa limetoka sokoni, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kioo kilionyesha kilomita 27. Tuliondoka hivyo hivyo, polepole, mimi nyuma nikimshika mkono. Kwenye kilima cha mwisho ikawaka picha ya kobe: ndiyo alama ya kwamba gari linakata nguvu. Likasimama kilomita saba kabla ya mji. Motari mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani ndiye aliyembeba, mama mkwe wake akimshikilia kwa nyuma. Alipasuliwa, mtoto akatoka mzima, na leo anatembea. Lakini mimi sijasahau macho yake gari liliposimama.

Tangu usiku ule tuna sheria nyumbani: gari halilali chini ya nusu. Ikiwa umeme hauna uhakika, safari ya soko inaahirishwa, na nusu ile inabaki kwa ajili ya wagonjwa.

Kwa hiyo, kabla kikundi hakijafungua sanduku, kiulize maswali manne.

La kwanza: vistari vidogo vimebaki vingapi? Nendeni wenyewe, mliwashe, mhesabu. Kisha mliendeshe likiwa na mzigo, kwenye barabara yenu, kwenda na kurudi.

La pili: umeme unatoka wapi? Kwa prizi ya kawaida ya nyumbani, gari kama letu linahitaji saa 8 au zaidi kujaa, tena waya ziwe nene na zimefungwa na fundi. Wale wa pano za jua wapige hesabu hii: pano moja ya wati 300, jua likiwaka vizuri saa 5, inatoa uniti moja na nusu. Hizo ni kilomita kama 8.

La tatu: nani atalitengeneza? Waya nene za rangi ya machungwa zina umeme unaoua. Fundi asiyefundishwa asiziguse. Pia kuna batri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama batri kubwa imejaa. Na tumbo la gari liko chini, kama sentimeta 16 tu, kwa hiyo mvua ikichimba barabara, linakwama.

La nne: batri kubwa ikichoka, pesa za nyingine zitatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ambayo inatiwa katika batri nyingi za magari ya umeme, inachimbwa Katanga, nchini mwetu. Hata hivyo, sisi vijijini hatuna duka la batri hizo.

Je, ninajuta kununua? Hapana. Kwa safari za kilomita 20, masomo, kisima, soko dogo, linatusaidia kila siku. Lakini kwa kikundi chetu, chenye kutaka kufika mjini na kurudi na magunia, jibu langu ni: gari la batri iliyochoka kama letu, hapana. Tungoje, tuweke akiba, tutafute lenye batri kubwa zaidi na vistari vyote. Wamama wamekubali. Maswali manne tumeyaandika nyuma ya daftari la likelemba, karibu na jina la kila mwenye pesa sandukuni.