Kasindi: taa ya lori inayosema « pita » huku Beni, ngambo ya mpaka inasema « ngoja »

Kila dereva anayetoka Butembo ao Beni kwenda Kampala anajua la kufanya akivuka mpaka wa Kasindi: huku Congo gari linatembea kuume, ngambo ya Mpondwe linatembea kushoto. Lakini hatari nyingine inamngoja mbele: kuelewa vibaya kile dereva mwenzake anataka kufanya.

Mfano ni lori lenye mizigo linalopanda mlima polepole. Katika barabara za Kivu Kaskazini, lori likiwasha taa ya kukata kona ya kuume, wanaolifuata wanaelewa kwamba limejisogeza ukingoni na njia iko wazi: pita. Likiwasha ya kushoto, ni kusema ngoja, gari linakuja.

Katika inchi ya Uganda mambo yanageuka. Lori linatembea kushoto, kwa hiyo taa ya kushoto ndiyo inasema pita. Ile ya kuume inaonya kwamba kuna gari mbele, ao kwamba lori lenyewe linakata kuume. Mgeni anayeifuata kwa mazoea ya kwao anaweza kugongana uso kwa uso na gari linalokuja, ao kuingia ubavuni mwa lori.

Usukani nao unaongeza shida. Mwenye gari la usukani wa kushoto, akifika Uganda, anakaa upande wa ukingo wa barabara. Lori linamfunika macho, haoni mbele. Hapo anategemea zaidi taa ya lori, naye bado hajazoea maana yake.

Taa kubwa pia zinachanganya. Dereva anayekuja akiziwasha na kuzima haraka, anaweza kuwa anasema « ninakuja, simama ». Mwingine anasema « pita wewe kwanza ». Mwingine tena anajulisha kwamba kuna polisi mbele.

Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unataka dereva atumie taa ya kukata kona kwa kutangaza kile anachotaka kufanya yeye mwenyewe: kugeuka ao kuhama upande. Kuambia wengine « pita » ni mazoea ya madereva. Hata taa ya upande wa ukingo inaweza kumaanisha tu kwamba lori linataka kusimama.

Kwa anayevuka, ni rahisi kukumbuka ukingo na katikati kuliko kuume na kushoto. Taa ya upande wa katikati ya barabara ni onyo, pande zote mbili za mpaka. Ile ya ukingoni inaweza kuwa ruhusa, lakini asipite mpaka aone barabara kwa macho yake mwenyewe.

Dereva Muganda anayetoka Kasindi kwenda Beni, kilomita 80 hivi, anakutana na mtego huo huo kwa kinyume. Akisitasita nyuma ya lori, anayemfuata amwachie nafasi, asimpigie honi.