Ucheshi si Pambo: Tunachojifunza kwa Roald Dahl

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu mtindo wa mwandishi, mara nyingi huandika, "Ametumia ucheshi," akataja mhusika mmoja anayechekesha, kisha akahamia hoja nyingine. Jibu hilo halijakamilika. Ucheshi una kazi, na kazi hiyo sharti ielezwe. Tuitazame kupitia Matilda (1988), hadithi ya watoto ya Roald Dahl.

Dahl (1916–1990), mzaliwa wa Wales, si mgeni kabisa kwetu. Mwaka wa 1938 alitumwa Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Mwaka wa 1939 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi.

Matilda alijifunza kusoma mwenyewe akiwa na umri wa miaka mitatu. Wazazi wake hawana haja na vitabu. Wanachojali ni televisheni. Mama anapokwenda kucheza bingo, mtoto huenda maktabani peke yake. Siku moja baba anakirarua kitabu alichoazima huko. Hiki ni kinaya: wanaotarajiwa kumhimiza mtoto asome ndio wanaomzuia.

Zingatia pia majazi. Jina la baba, Wormwood, ni mmea mchungu tunaouita pakanga. Mwalimu mwema anaitwa Honey, yaani asali. Mwalimu mkuu katili ni Trunchbull, jina lenye mwangwi wa rungu na fahali. Msomaji anaonjeshwa tabia kabla ya kuziona.

Mbinu inayochekesha zaidi ni chuku. Trunchbull anamshika msichana kwa nywele zake zilizosukwa, anamzungusha na kumrusha juu ya ua. Tunacheka, lakini Matilda anatambua jambo zito: ukatili huu umepita kiasi hivi kwamba mzazi akisimuliwa hataamini. Chuku basi inabeba dhamira. Mtoto hasikilizwi, na mwenye mamlaka anajificha nyuma ya ukimya huo.

Kadhalika Bruce Bogtrotter, anayelazimishwa kula keki kubwa mno ya chokoleti mbele ya wenzake. Adhabu ilikusudiwa kumwaibisha, lakini anaimaliza keki yote huku wenzake wakimshangilia. Kicheko kimempokonya mwonevu silaha yake.

Hivi ndivyo Dahl anavyovutia watoto kwenye vitabu. Hahitaji kuwahubiria kwamba kusoma ni kuzuri. Anawafanya wawacheke wanaodharau vitabu na wawe upande wa msichana anayevipenda.

Mwalimu mwenzangu, tukianza kipindi kwa kuorodhesha mbinu ubaoni, kicheko hufa kabla ya kuzaliwa. Soma kwanza tukio lenyewe kwa sauti, uwaache wanafunzi wacheke. Kisha uliza: tumemcheka nani, na kwa nini? Majibu yao ndiyo uhakiki wenyewe.

Nawe mtahiniwa, katika kitabu chochote unachokihakiki, fuata hatua tatu: taja mbinu, toa mfano kutoka kitabuni, eleza inachofanya. Kwa mfano: "Mwandishi ametumia chuku. Trunchbull anamrusha mwanafunzi juu ya ua. Mbinu hii inachekesha na papo hapo inadhihirisha jinsi watoto wanavyoonewa bila kusadikiwa." Sentensi ya tatu ndiyo inayoonyesha kwamba umeielewa kazi ya ucheshi.