Ukuta ukilowa, usiufiche kwa rangi

Kila msimu wa masika, kati ya mwezi Machi na Mei, nyumba nyingi za ukanda wa Pwani huanza kutoa harufu ya uvundo. Nguo zilizokunjwa kabatini hushika madoa meusi, kurasa za misahafu na vitabu hugandana, na rangi iliyopakwa mwaka jana huvimba na kubanduka. Wengi wetu hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida. Tunafukiza udi, tunapaka rangi upya Idd inapokaribia, na tunadhani mambo yamekwisha.

Ndugu msomaji, mambo hayajakwisha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevunyevu na kuvu majumbani. Mwongozo huo unaeleza kuwa wakazi wa nyumba za aina hiyo wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya njia ya hewa, maambukizi ya vifua, na kuzidiwa na pumu kwa wale ambao tayari wanayo. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wagonjwa, ambao ndio wanaokaa ndani muda mrefu. Mama anaweza kununua dawa ya kikohozi kila mwezi, kumbe godoro la mtoto limeegemea ukuta wenye kuvu.

Maji yanatoka wapi?

Kabla ya kununua rangi au saruji, ni lazima kujua maji yanaingia kwa njia gani. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kutoka chini. Kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, ndivyo maji ya ardhini yanavyopanda kwenye vitundu vidogo vya tofali, jiwe na saruji. Dalili yake ni mstari wa unyevu unaozunguka chumba, mara nyingi usiozidi mita moja kutoka sakafuni, pamoja na unga mweupe wa chumvi unaotoka ukutani.

Ya pili ni kutoka nje au juu: bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, maji ya mvua yanayorukia ukuta, au karo na bafu vilivyojengwa karibu mno na chumba. Hapa unyevu huonekana sehemu moja, si chumba kizima.

Ya tatu ni kutoka ndani kwetu wenyewe. Kupika, kuoga, kuanika nguo chumbani na hata kupumua huongeza maji hewani. Madirisha yakifungwa usiku kucha, maji hayo hutua kwenye kuta zenye ubaridi, hasa nyuma ya kabati na chini ya kitanda.

Kipo kipimo rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi, uzibe pande zote nne, kisha ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya ndani. Yakitokea upande uliogusa ukuta, maji yamo ukutani.

Kosa la kuziba kwa saruji

Fundi wengi wakionyeshwa ukuta uliolowa hushauri kubandua lipu ya zamani na kupiga ya saruji, kisha rangi ya mafuta. Ukuta hupendeza kwa miezi michache. Lakini maji hayajaondoka, bali yamefungiwa ndani. Yakikosa pa kutokea, hupanda juu zaidi.

Madhara haya huonekana wazi katika nyumba kongwe za Pwani, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa, na dari wakazishikilia kwa boriti za mikoko. Lipu ya chokaa iliuacha ukuta upumue. Maji yaliyoingia wakati wa mvua yalitoka jua lilipowaka. Ukuta kama huo ukifunikwa kwa saruji, unyevu hufika kwenye ncha za boriti, zikaoza bila mtu kuona. Nyumba ya namna hii itengenezwe kwa chokaa, na ipakwe rangi ya chokaa.

Kwa nyumba za matofali ya saruji, kinga iko kwenye msingi. Kabla ya kumwaga zege la jamvi, tandaza nailoni nzito, na weka tabaka la kuzuia maji juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta, walau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Gharama yake ni ndogo wakati wa kujenga, lakini kuiweka baadaye ni kazi kubwa. Aidha, usikubali mchanga wa pwani hata ukiwa wa bure. Chumvi yake huvuta unyevu hewani miaka yote, na hula nondo.

Tufanye nini nyumbani?

Nyumba ikiwa imeshajengwa, anza na maji ya nje. Ondoa udongo na taka zilizorundikana ukutani. Weka mfereji wa bati ili maji ya paa yaende mbali. Sakafu ya nje iwe na mteremko unaotoka ukutani. Pipa la maji na mahali pa kutilia udhu visigusane na ukuta wa chumba, na maji yake yawe na njia ya kupita. Kisha acha ukuta ukauke, jambo linaloweza kuchukua miezi, ndipo upake rangi.

Ndani, fungua madirisha ya pande mbili mvua inapokatika ili hewa ipite. Sogeza kabati na vitanda kidogo kutoka ukutani. Nguo zianikwe nje au barazani.

Kuvu isifagiwe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake huenea chumba kizima. Funika pua na mdomo, vaa glavu, sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani huweza kutoa hewa ya sumu. Udi hubadilisha harufu tu, hauui kuvu.

Jambo la hatari kuliko yote ni kukausha chumba kwa jiko la mkaa. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini, na mzazi aliyejifungua pamoja na mtoto wake ndio huwa karibu na jiko hilo.

Wapo pia wanaodhani unyevu ndio unaoleta kifua kikuu. Sivyo. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaotoka kwa mgonjwa kupitia hewa. Hata hivyo, chumba kilichojaa watu na kisichopitisha hewa huurahisisha kuenea. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda hospitali, usilaumu ukuta.

Kwa mpangaji

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, kagua chumba. Gusa ukuta karibu na sakafu, angalia nyuma ya mlango, na uliza kwa nini rangi mpya imepakwa nusu ya chini peke yake. Mwenye nyumba naye akumbuke kuwa kuficha kasoro anayoijua ni kumdanganya mwenzake, na dhuluma hiyo huangukia kifua cha mtoto asiyehusika na mkataba.

Mafundi hupatikana kwa urahisi kabla ya masika kuanza. Zunguka nyumba yako wiki hii, utazame maji yanakosimama, na uanzie hapo.