Kusahau Si Uzembe

Mama ameacha sufuria jikoni mpaka maharage yakaungua, mara ya tatu wiki hii. Jirani atasema ni uzembe. Yeye mwenyewe, kimoyomoyo, anajiambia kuwa virusi vimeshampanda kichwani. Tuyapime madai wanayobeba wanawake wengi wanaoishi na VVU.

"Virusi havionekani tena kwenye damu, basi ubongo uko salama."

Si kweli yote. VVU huingia kwenye ubongo mapema, ndani ya wiki za mwanzo za maambukizi, na hujificha katika chembe za kinga za huko. Dawa za kufubaza virusi zimeifanya ile hali mbaya ya kupoteza akili kuwa nadra. Usahaulifu mdogomdogo, hata hivyo, bado huwapata baadhi ya watu wanaomeza dawa bila kukosa.

"Kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, ni sumu."

Uongo, na hapa nitakaa kidogo. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Alfajiri hupanda, ukaamka na nguvu; usiku hushuka, ukalala. Shida huanza hofu isipokatika: kopo la dawa limefichwa ndani ya ndoo ya unga, mume hajaambiwa, na marejesho ya kikoba yanadaiwa Ijumaa. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, imejaa vipokezi vya kotisoli, kwa hiyo mpangilio huo ukivurugika muda mrefu, nayo huumia.

Marekani kuna utafiti mkubwa wa wanawake wenye VVU na wasio navyo, ulioanza 1993. Humo Leah Rubin, Pauline Maki na wenzao waliona kuwa msongo mkubwa uliendana na udhaifu wa kukumbuka maneno, na zaidi kwa wenye VVU. Baadaye, Chicago, wanawake wenye VVU walipewa dozi moja ndogo ya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa, miligramu 10, na baadhi ya vipimo vya akili vikawa bora kwa saa kadhaa. Tafadhali usikimbilie duka la dawa! Dozi moja ya utafiti si tiba, na baadhi ya steroidi, dawa za jamii hiyo, zikikutana na ritonavir, mojawapo ya dawa za VVU, hujazana mwilini zikadhuru.

"Dawa ndizo zinazosahaulisha."

Efavirenz, mojawapo ya dawa za VVU, iliwaletea wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha. Tanzania ilianza kuhamia dawa nyingine, dolutegravir, 2019. Dawa ikikusumbua, sema kliniki. Usiiache.

"Kusahau hakupimiki."

Uongo. Kipo kipimo kilichochapishwa 2005, baada ya kujaribiwa Baltimore na Kampala, kisichohitaji mashine wala kujua kusoma. Mhudumu anakutajia maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Unagonganisha kidole gumba na cha shahada upesi uwezavyo. Unaweka mkono mezani kwa zamu: ngumi, kiganja, ubavu. Halafu anakuuliza: yale maneno manne ni yapi? Ukipata alama 10 au pungufu kati ya 12, unahitaji uchunguzi zaidi.

Nawaomba wahudumu, mkishasoma wingi wa virusi kwenye faili, mwinue macho mumuulize: "Mama, usiku unalala?" Kukosa usingizi na sonona navyo huiba kumbukumbu, na vyote viwili vina tiba.